Jicho la Perege

Perege alikuwa ameng'olewa jicho asubuhi ile, lakini mtafiti alipoliunganisha kwa waya na kulimulika kwa nukta ya mwanga, mstari kwenye kompyuta uliruka.

"Mwenyewe kashakaangwa, jicho bado linajibu," alicheka Damiano, mlinzi wa bwawa. Jicho lake mwenyewe la kushoto liliunguzwa na dawa ya kunyunyizia vitunguu mashambani kule Mang'ola. Miaka miwili sasa aliwaambia watu kwamba limelala tu.

"Dada, nipime na mimi."

Yule dada akambandika waya chini ya kope ya jicho hilo, akamulika. Mstari ulinyooka kama uzi.

"Labda waya umelegea, baba."

"Urudishe kwa samaki."

Yule dada alisita. Kisha akaugusisha kwenye jicho lile dogo la perege, lenye utando wa damu pembeni, akamulika.

Mstari ukaruka.