Besi wa Mwisho Kulia

"Zima na friji," Mwalimu wa kwaya alisema bila kufungua macho. "Inanguruma."

Mkewe akazima friji. Feni ilishazimwa, na saa ya ukutani ilishatolewa betri. Jogoo wa jirani alisalimika kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa wa jirani. Sebule nzima ilikuwa joto tupu, na katikati yake alikaa Mwalimu, hedifoni mpya kichwani, kakunja uso kama anayeumwa jino.

Hedifoni zenyewe hazikuwa za mchezo. Muuzaji aliapa kwamba kwa hizo mtu anasikia hata mwimbaji akimeza mate. Siku ya tatu hiyo, na Mwalimu alikuwa hajasikia ila mchafukoge. Kwanza alilaumu nakala ya wimbo iliyokuwa kwenye simu, akachimbua kabati mpaka akapata diski yenyewe ya studio. Akatafuta amplifaya. Akabadilisha sponji za masikioni. Jana fundi redio alimwambia avue miwani, maana mikono ya miwani inainua sponji na besi inavuja pembeni. Akavua. Sasa alikuwa hasikii vizuri na haoni vizuri.

Angekuwa anatafuta burudani tu, angeshazitupa dirishani. Lakini kulikuwa na harusi ya bintiye wiki ijayo, na mjomba wa bintiye alikuwa amekataa kuja.

Ilianzia studio, miaka tisa nyuma. Kwaya ilikuwa inarekodi, Mwalimu akiiongoza, na katika wimbo wa tatu fundi wa mitambo akasema, "Kuna sauti moja inashuka chini ya noti." Mwalimu hakutaka hata kurudia kusikiliza. Alimnyooshea kidole besi wa mwisho kulia, kaka wa mkewe mwenyewe, akamtoa kwaya mbele ya watu arobaini. Shemeji alichukua koti lake akaondoka, na hakukanyaga tena nyumba ile.

Wiki iliyopita alituma neno: atakuja harusini siku Mwalimu atakapoyafuta maneno yake mbele ya kwaya ile ile. Mama wa bibi harusi alilia, akabembeleza, akanuna siku mbili. Mwalimu akashikilia lake.

"Masikio ndiyo yaamue," alisema. "Nikimkuta si yeye, nitapiga magoti mbele yao wote. Nikimkuta ni yeye, akiri, na harusini aje."

Wakakubaliana. Ndiyo maana Shemeji alikuwa pale leo, kwenye kochi la pili, kofia magotini, chai imepoa mbele yake.

"Bado, shemeji?" Shemeji aliuliza.

"Bado. Vitu hivi vinataka utulivu."

"Mimi sina haraka. Miaka tisa nimengoja."

Mwalimu alisikia damu ikimpanda kichwani. Wimbo ulikuwa unalia kana kwamba kwaya imefungiwa stoo. Akaubana waya kwa hasira pale unapoingia upande wa kulia, nao ukaingia ndani zaidi, ukalia *ta*. Siku tatu zote plagi ilikuwa haijazama hadi mwisho. Mwalimu aliona aibu, na hakumwambia mtu.

Na wimbo ukafunguka. Alikaa wima. Kushoto kabisa walikuwa sauti ya kwanza, kinamama wale wa mstari wa mbele, kila mmoja mahali pake. Wakafuata sauti ya pili, halafu pengo dogo la katikati walilokuwa wanaliacha siku zote, halafu sauti ya tatu, halafu besi. Alisikia kiatu cha mtu kikilalamika. Alisikia karatasi ikifunuliwa. Na pembeni kulia alimsikia Shemeji.

Sauti nene, imenyooka kama rula. Haikushuka popote.

Mwalimu akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Ile sauti mbovu ilikuwepo, tena wazi kuliko alivyowahi kuisikia, inaburuta kila noti. Lakini haikuwa kulia. Ilikuwa katikati.

"Nimezivaa kinyume," alinong'ona, akazigeuza.

Shemeji akahamia kushoto. Kinamama wakahamia kulia. Sauti mbovu haikusogea. Akazigeuza tena, kila mtu akarudi kwake, na yenyewe ikabaki pale pale.

"Unazigeuzageuza nini?" mkewe aliuliza.

"Zina kasoro hizi."

"Si ulisema hakuna bora kuzishinda?"

Mwalimu akazikandamiza masikioni. Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya sponji. Alijaribu kukumbuka nani alisimama wapi siku ile, akapanga sura zote arobaini kichwani, akazipanga upya. Kila alivyozipanga, hakuna aliyesimama katikati. Na tena ile sauti ilikuwa karibu mno, mbele ya wote, kama mtu aliyeipa maikrofoni kisogo.

Mkewe alikuwa anamtazama mumewe, kisha kaka yake, kisha mumewe. "Baba watoto, sema basi. Nikampigie mwanangu nimwambie nini?"

"Umempata, shemeji?" Shemeji aliuliza taratibu.

Mwalimu aliinua kiganja wamnyamazie, akaongeza sauti hadi mwisho. Ubeti wa kwanza ulikuwa unakatika. Sauti mbovu iliburuta noti yake ya mwisho, ikaiacha, ikavuta pumzi. Kisha ikanong'ona:

"Ubeti wa pili. Wote macho kwenye mkono wangu."