Vema kwenye Kila Mstari

Abiria kumi na wawili walikuwa wameshapanda. Mzee Shomvi, mfagizi wa uwanja, alisimama mbele ya ndege na ufagio wake, wala hakusogea.

"Tupishe, mzee wangu, tumechelewa," rubani alisema. "Nimeshaikagua. Ona karatasi, nimetia alama ya vema kila mstari."

"Karatasi ya mke wangu pale hospitali nayo ilijaa vema, Kapteni. Mkubwa wa wauguzi alizitia bila kunyanyuka kitini. Nikazika."

Akachomoa chelewa kwenye ufagio, akainama chini ya bawa na kuiingiza kwenye kijibomba kinachopokea upepo ili rubani ajue mwendo wa ndege. Ikagota. Alichokonoa taratibu mpaka udongo mkavu ukamdondokea kiganjani. Ilikuwa nyumba ya nyigu, na ndani yake buu mweupe akijipinda.

"Huyu umemtilia vema mstari wa ngapi?"

Rubani aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akawaomba abiria washuke. Kisha akaanza kuizunguka ndege upya, akiinama kwenye kila tundu. Mzee Shomvi alimfuata nyuma, mkono mmoja ukimkinga yule buu na jua.