Askari wa Damu

Alphonse alichovya kidole ndani ya kopo la dawa ya mbu, akakilamba mbele ya watu wote. Kina mama wa mji wa Baraka wakashika midomo.

"Munaona? Nimekufa?"

Hakufa. Akaeleza, kama serikali ya Wabelgiji ilivyomfundisha, kwamba ndani ya damu ya kila mtu kuna askari wanaopigana na magonjwa, na kwamba dawa hii inaua mbu tu. Akaongeza kuwa askari wale dawa inawanenepesha. Hilo hakufundishwa na mtu. Alilitia chumvi mwenyewe, na kwa vile lilipendwa, akalirudia kila mtaa. Mkewe Dorothée hakukosa mkutano hata mmoja, alikaa mbele akisikiliza kama yuko kanisani. Nyumba zikapulizwa, na daktari wa serikali kule Fizi akaahidi kumpandisha Alphonse cheo.

Mjanja yule! Kopo la kulamba lilikuwa na unga wa muhogo. Dawa yenyewe aliiogopa vibaya sana: akipuliza anajifunga kitambaa puani, akimaliza anajisugua ziwani kwa sabuni mpaka ngozi inawaka.

Sasa ajabu. Yunusu mwenye mitumbwi, ambaye nyumba yake ilipulizwa ya kwanza, alikuwa mzima kabisa. Alphonse ndiye aliyekonda. Majipu hayakauki, homa haiachi, mikono inatetemeka. Mwiba wa samaki ulimchoma kidogo tu, kidole kikaoza. Sombe ya mkewe, mboga ya majani ya muhogo, ndiyo pekee iliyopita kooni. Mtaani wakaanza kuuliza, kama askari wake wamenenepa, mbona wamelala? Na daktari alikuwa njiani kuja kumtazama akilamba.

Cheo alikitaka sana, lakini kufa alikuogopa zaidi. Mkewe alipomwekea bugali na sombe, akashindwa kuficha.

"Mama Henri, nimedanganya batu. Ile ya kulamba ni bunga tu. Dawa sijaionja hata siku moja."

Dorothée akamfuta jasho, akacheka kwa huruma.

"Baba Henri, mi nilijua zamani. Si ni bunga ya mu jiko yangu? Niliona unajinyima dawa juu bengine bapate. Njo maana kila siku ninakutilia ile dawa ya kweli kidogo mu sombe, baaskari bako basilale njaa."