Joho la Kasimbi

"Lipunguze joho hili limkae Jabu," mwongozaji wa filamu alimwambia Bi Rukia, mshonaji wake. "Kasimbi hachezi tena. Watu wamekataa. Ati shujaa arukaye angani atoke ng'ambo ya mto, tena mtu aliyesema vita tulivianza sisi?"

Bi Rukia, mjane wa vita hivyo, akalitandaza joho jekundu. Juzi Kasimbi alipolijaribu, alikimbia ua mzima mikono ameitanua, hata Bi Rukia akacheka, kicheko alichodhani kilizikwa pamoja na mumewe.

Akashika mkasi, akauweka chini. Urefu uliozidi akaukunjia ndani, akaupiga bandi nyepesi, inayofumuka ukiivuta mara moja. Kisha akalitundika kwenye dirisha linalotazama mto. Upepo ukaja, ukalijaza mabega.