Ngozi ya Ushindi

Hapo kale, wala usiulize lini, Beberu alikuwa na kikundi cha ngoma kilichoshindwa kila mashindano. Safari hii, kwa pupa, akaipasha ngoma moto mpaka ngozi ikapasuka.

“Fisi ndugu yangu, nitafutie ngozi!”

“Ya nani?”

“Ya yeyote, bwana wee, mradi ilie!”

Ngozi ikaja, ikawambwa, ikakaushwa. Siku ya mashindano ikalia kwa utamu ambao Beberu hajapata kuusikia. Wakashinda!

Akamtafuta mkewe amwonyeshe kombe. “Fisi, mke wangu umemwona?”

Fisi akaipapasa ngoma. “Shemeji si huyu hapa?”

Beberu akaanguka chini akilia. Lakini watazamaji walikuwa wakipiga kelele, “Rudia! Rudia!” Akainuka, akafuta machozi, akapiga.