Sauti Ilibaki Chuoni

Kocha Mbwilo alipopandishwa kutoka timu ya chuo kwenda timu ya taifa, mkewe Tuli alitembea mtaani kichwa juu, akipokea pongezi kama bibi harusi. Sheria waliijua: kocha anayepanda huiacha sauti yake chuoni, kwa kuwa wachezaji wameizoea, naye hupewa mpya.

"Mama Atupele, pilau limeiva?" aliuliza mumewe kwa sauti nzito, ngeni. Tuli akacheka kwa fahari.

Jioni walipita na binti yao kando ya uwanja wa chuo. Spika zikafoka, "Rudi nyuma, mwanangu, linda goli!"

Atupele akauchomoa mkono wake kwenye kiganja cha Mbwilo, akazikimbilia spika.

"Baba, nimekuja."

Tuli aliendelea kutabasamu, maana watu walikuwa wakiwatazama.