Sentensi ya Mama Ilikotoka

Sebuleni kwetu kuna kioo ukutani, kama nyumba zote. Ukisema sentensi, kioo kinaandika ilikozaliwa: nani aliianza, wapi, mstari wa ngapi. Utani wangu siku zote husomeka "Hapa, sasa hivi," ndiyo maana natembea kifua mbele.

Mama ndiye mwenye taabu, maneno yake mengi huazima kwa watu. Kwenye harusi ya kaka alitoa pongezi alizozisikia kwa jirani, kioo kikamtaja jirani, wageni wakacheka mpaka wali ukapoa. Jana ilikuwa zamu yangu, sherehe ya kumaliza kidato cha sita.

"Wifi, leo umeazima kwa nani?" shangazi Sekela akamchokoza.

Mama akanitazama mimi tu. "Gwamaka, umenichosha miaka kumi na tisa, na uchovu huu simpi mtu."

Kioo kikawaka: "Mama mwenyewe. Jikoni, alfajiri ya leo, mstari wa kwanza. Umerudiwa mara arobaini na moja."

Shangazi akainamia sahani yake, na kijiko akaazima kwa mgeni. Mimi nilivimba kwa fahari, vifungo vya shati vikaomba huruma.

Nilipopeleka vyombo jikoni ndipo nikatazama kuta, sahani mkononi. Huko hatujawahi kuweka kioo; maneno mangapi ya Mama yamezaliwa huko bila kuandikwa?